Banataka Sura

Kijiwe cha Mashaka kiko Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenye kona ambapo pikipiki zinangojea abiria: ubao mmoja juu ya matofali, na termosi mbili za kahawa ya tangawizi. Wenyeji wake ni Général, mshona nguo ambaye hajawahi kushika bunduki, na Docta, mwendesha pikipiki aliyewahi kufagia duka la dawa miezi mitatu. Asubuhi hiyo, mwaka wa pili wa état de siège, utawala wa kijeshi, Orpa alifika pale na simu mkononi, macho yamevimba.

Orpa alikuwa mchoraji. Kila Jumamosi aliweka kwenye Facebook katuni ya mama mmoja anayetaka kwenda shambani kwake Mabalako, na kila mara kitu kinamzuia: barrière ya askari barabarani, mvua, mume, mbuzi. Watu walicheka sana. Wachache tu walijua kwamba mama huyo alikuwa mama yake mzazi, aliyeuawa na waasi kwenye njia ya shamba mwaka uliopita.

Sasa podikasti moja ya Ulaya, yale maongezi ya kusikiliza kwa simu, ilikuwa imemwomba achore picha ya mbele ya kipindi chao juu ya vita vya Beni, mji wa jirani. Alimchora mama kwa nyuma, kitunga mgongoni, kamba imekaza kichwani. Jibu likaja.

— Banasema iko muzuri, lakini banataka sura, Orpa alisema. Eti mutu akiona sura, huruma inamushika.

— Huruma! Général alitema tangawizi chini. Binti, haba na haba hujaza kibaba. Leo sura, kesho masikio, kesho kutwa shamba yote.

— Hapana kumuharibia kazi, Docta alisema. Orpa, weye chora. Mficha uchi hazai.

— Uchi ya nani tena? Mashaka aliuliza, huku akimimina.

— Iko methali tu, papa.

— Sura inaingia mu satellite, Général aliendelea. Satellite inapima pua. Kisha banajua dahabu iko wapi.

— Kwa pua?

— Unazania ile madroni inatafuta nini kule Beni? Maboga?

— Bongo hiyo, uongo mutupu! Docta alisema. Sura bataibandika kwa sabuni. Kule kwabo kila huzuni iko na sabuni yake.

— Basi muwekee sura ya mama mwingine, Mashaka alisema polepole. Bazungu batajulia wapi?

Hapo Orpa alipandisha sauti.

— Papa Mashaka, miye nilikuwa natembea nyuma yake! Tangu utoto, kila siku, njia iko ndogo. Na siku balimuleta, sura haikukuwa tena ya kuangalia. Sasa hawa bananiomba ile sura yenye bale bauaji balichukua.



Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na chupa ya kujaziwa kahawa. Jina lake Mwanvua, mkimbizi kutoka upande wa Mavivi, karibu na Beni, na kijiweni hapakuwa na aliyemfahamu. Aliinama juu ya simu, akaangalia kwa muda.

— Huyu mama alikuwa anaenda, ao anarudi?

Docta aligeukia pikipiki yake kana kwamba imemwita. Orpa alikitazama kitunga alichokichora kimefunikwa majani ya ndizi, na chini ya majani hayo hakujua kuna nini. Waliomkuta mama yake walisema tu: njiani.

— Sijue, mama.

Akaandika kule Ulaya kwamba sura haiko, akatuma. Jibu lilifika kahawa ikingali moto: walimshukuru sana, watatumia picha ya mchoraji mwingine.

Mwanvua aliweka chupa chini, akaketi kwenye ubao, akaomba aonyeshwe tena. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anamtafuta nani katika mgongo ule.