Nishani Aliyovishwa Pacha

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu hamjui jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu tangu mkiwa watoto mmemwita Mumiani, naye akaitika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mama mshona nguo za watoto, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari ya kutwa mwaka 1970, na waliosoma naye wanasema alikuwa mtu wa utani tangu hapo, wa kuchekesha darasa zima huku yeye mwenyewe kakunja uso kama mtu aliyefiwa.

Januari 1971 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, na huko ndiko alikokutana na kijana aliyelala kitanda cha juu yake, ambaye watu walimwita Pacha, maana ukimwona mmoja ulijua mwenzake hayuko mbali, na walipohitimu mwaka 1973 wakapangiwa hospitali moja ya wilaya, wakaishi chumba kimoja, wakamiliki suruali moja nzuri waliyoivaa kwa zamu, mmoja akienda kuonana na mchumba, mwenzake anabaki ndani kajifunga taulo.

Mwezi Agosti 1976, mama mmoja aliyetoka kujifungua alifariki wodini mbele ya macho ya kaka yetu kwa kukosa damu, huku nje uwanjani mume na shemeji zake wakibishana nani atolewe, mpaka mmoja wao akaaga kwamba anakwenda kufunga duka na hakurudi tena. Marehemu alirudi maabara, akaosha mikono, akamwambia Pacha, "Hawa watu hawana roho mbaya, wanaogopa sindano tu. Tuwafuate huko huko waliko." Pacha akamjibu kwamba kazi yao ni kupokea damu ikiletwa, si kuitembeza sokoni kama wachuuzi wa mitumba, lakini Jumamosi iliyofuata alipanda nyuma ya pikipiki, kasha la barafu akiwa amelipakata.

Siku hiyo marehemu alijilaza juu ya meza ya muuza vitambaa katikati ya soko, akatolewa damu kila mtu akiona, akanywa soda, akainuka, akajitwika gunia la mkaa na kulizungusha soko zima, jambo ambalo baadaye hakumshauri mtu mwingine yeyote kulifanya, na watoto wakamfuata nyuma wakipiga kelele, "Mumiani! Mumiani!", yule mnyonya damu wa hadithi za usiku, naye akageuka na kuwatolea meno. Mwenye bucha, aliyeshinda kutwa na damu ya ng'ombe mpaka viwikoni, alizimia kwa kuonyeshwa sindano tu, akazinduka, akaona aibu, akachangia, na hadi leo ukimkumbusha anakutukana. Hivyo ndivyo uchangiaji wa hiari ulivyoanza katika wilaya yetu, ukaenda gerezani, mashuleni, viwandani, kisha wilaya za jirani zikaja kujifunza.

Tarehe 9 Desemba 1978 marehemu alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi, shemeji yangu huyu mnayemwona hapa, Pacha akiwa msimamizi wao, wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, na kijana wao wa kwanza wakampa jina la Pacha, lile la kwenye cheti.

Mwaka 1989 Pacha alihamishiwa makao makuu, akapanda cheo hadi kuwa mkurugenzi, na marehemu akawa anajivunia yeye kuliko anavyojivunia watoto wake, kwa hiyo mwezi Machi 2009, Pacha alipompigia simu na kumwambia, "Mumiani, wanatafuta watu wa kutunukiwa nishani ya utumishi uliotukuka, safari hii ni zamu yetu," hakuuliza hiyo "yetu" ina maana gani. Jumapili moja Pacha alikuja nyumbani, akala, akalegeza mkanda, akamwomba mwenzake amsimulie yote tangu mwanzo, na marehemu akasimulia kwa furaha, meza ya muuza vitambaa, gunia, gereza, mpaka shemeji akatania kwamba hata siku ya kumposa hakuongea kiasi kile.

Fundi cherehani wa mtaani alimshonea suti ya kijivu, na tarehe 12 Novemba 2009 marehemu na mkewe waliketi chini ya hema la wageni waalikwa, bendi ikipiga, mkuu wa nchi akiwa jukwaani, na wahusika wakiitwa mmoja mmoja baada ya kusomwa wasifu wao. Ukasomwa wasifu wa mtu aliyeona mama akifa kwa kukosa damu, aliyejilaza juu ya meza sokoni, aliyejitwika gunia la mkaa, aliyeitwa majina ya kejeli na watoto asikasirike, na marehemu akafunga kifungo cha koti, akamshika mkewe mkono, akasimama, na jina lililotajwa likawa la Pacha. Shemeji anasema mumewe hakuketi, alibaki amesimama peke yake katika mstari ule wote, na kwa kuwa alikwishasimama, akapiga makofi.

Njiani kurudi alimwambia mkewe kwamba labda wamechanganya, labda yake itatoka mwakani, na kwa miezi kadhaa alimtetea rafiki yake mbele yetu sote, mpaka Pacha mwenyewe alipokuja, nishani ikiwa kifuani, akasema, "Ndugu yangu, waliuliza kiongozi ni nani, na kiongozi huwa mmoja. Nimeipokea kwa niaba yetu." Marehemu akamuuliza, "Kwa niaba yetu, na jina langu halikukujia mdomoni?" Pacha akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Hilo angeweza kulimeza. Lakini mwezi Juni 2010, maabarani, wenzake wakiosha vioo na redio ikiwa rafuni, Pacha alihojiwa, mtangazaji akamuuliza kuhusu mtu mmoja wa wilayani anayeitwa Mumiani, naye akajibu, "Ah, yule! Yule alikuwa dereva wangu. Mtu mcheshi sana." Mmoja wa vijana wa maabara alinyoosha mkono kuizima, marehemu akamwambia, "Iache. Ongeza sauti," akasikiliza hadi mwisho, na ni kweli kwamba pikipiki aliiendesha yeye.

Tunasema ukweli hapa kwa sababu ninyi mlimjua. Kaka yetu alibadilika baada ya siku ile, utani ulimwisha, akawa mkali kwa watoto wake bila sababu, hasa yule wa jina la Pacha, ambaye alikaa miaka bila kuitwa na baba yake isipokuwa "wewe", na alipostaafu mwaka 2011 alikataa sherehe ya kuagwa, ingawa Jumamosi bado aliondoka na kasha lake la barafu kwenda kutafuta damu, kwa kuwa wagonjwa, alisema, hawakumkosea kitu.

Mwezi Februari 2018 alianza kutapika damu, akagundulika kuwa na saratani ya tumbo, akalazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, na kila alipohitaji kuongezewa damu benchi la korido lilijaa watu, wengine wakibishana nani aanze. Tarehe 3 Mei Pacha alifika, akaketi kando ya kitanda, akatoa ile nishani mfukoni na kuilaza juu ya shuka, akisema imebaki kwake muda mrefu, sasa ikae hapa. Marehemu hakuigusa, akamwambia, "Sitaki hicho chuma. Hapo nje kuna watu kwenye benchi. Toka uwaambie ni nani aliyeanza. Maneno machache tu, kisha urudi tuongee mambo mengine." Pacha alitazama mlango, akasema jambo hilo lina taratibu zake, atalifikiria, akairudisha nishani mfukoni na kutokea mlango wa upande wa jikoni, ambako hakuna benchi. Marehemu aligeukia ukutani, na kijana wake, yule wa "wewe", alipoingia, baba yake akamwita kwa jina lake kamili, akalia. Alifariki tarehe 11 Mei 2018, saa tano asubuhi, mkewe na watoto wote wakiwepo.

Juzi Pacha alituma watu, akiomba nafasi ya kusema machache, na shemeji akawajibu, "Mwambieni kiti kipo, kipaza sauti hakuna." Yupo hapa, na tunamshukuru kwa kufika. Katika historia nyingi za namna hii husemwa kwamba marehemu aliwasamehe wote, nasi tungependa kusema hivyo, lakini kaka hakusamehe, na alituomba tusimsemee uongo akiwa hawezi kutukatalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, wenzake wa maabara waliokesha naye kwa zamu, majirani mliotubebea maji na kutuazima viti, na ninyi wote mlionyoosha mkono mkatoa damu yenu kwa ajili yake, ambao hatukuweza kuwajua mmoja mmoja.

Wewe pumzika kwa amani, kaka yetu. Hasira tuachie sisi.