Jiwe la Mama Yei

Benchi la Alfa, muuza kahawa, liko pale njia ya soko inapokutana na njia ya kilimani, na anayeliketia huuona msitu wa sokwe ukianzia nyuma ya nyumba ya mwisho. Asubuhi hiyo Saye alikishika kikombe chake bila kunywa. Kutoka kilimani mlio ulikuja: ko, ko, kimya, ko, ko, kimya. Sokwe walikuwa wakipasua kokwa za michikichi. Kijiji kimeuzoea mlio huo, wala hakuna anayewafukuza, kwa kuwa ni wazee wetu waliorudi kwa sura nyingine. Lakini leo Saye aliusikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa.

Saye: Hilo linalolia ni jiwe la mama.

Alfa: La marehemu, la kupasulia kokwa? Si lilikuwa nyuma ya jiko?

Saye: Lilikuwa. Jana nimemwona nalo yule jike mzee mwenye sikio lililochanika. Lina kishimo pale mama alipozoea kuweka kidole gumba. Jumamosi tunamaliza matanga, nami nataka jiwe lilale kaburini kwake. Nikalichukue?

Redio, mgema asiyezimika, alikohoa kwanza.

Redio: Uwanyang'anye wazee? Mimi wananinywea tembo langu juu ya mti! Wanatafuna majani, wanayachovya mtungini, wanafyonza. Nimewahi kusema neno? Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Waziri: Hiyo methali imeingiaje hapa?

Redio: Imeingia kwa mlango. Wewe kunywa kahawa.

Waziri aliwahi kufagia wizarani Conakry, na tangu hapo husema taratibu.

Waziri: Jambo ni jepesi. Yule jike alikuwa akimchungulia marehemu kutoka migombani miaka yote. Ni mwanafunzi wake, na mwanafunzi hurithi vifaa vya fundi.

Redio: Mwanafunzi gani? Ni Mama Yei mwenyewe! Kafa masika, karudi kiangazi. Saye, jana yule jike alikuwa anapiga kwa mkono gani?

Saye: Wa kushoto.

Redio: Na mama yako, Mungu amrehemu?

Saye alikitazama kikombe.

Saye: Wa kushoto.

Waziri: Ah! Binamu yangu kaona tai huko kaskazini akivunja yai la mbuni kwa jiwe. Naye ni bibi wa mtu?

Redio: Kwa nini asiwe? Bibi wa mpishi huyo. Haba na haba, mwakani sokwe watafungua duka la mafuta, na Alfa ataajiriwa kuwachemshia kahawa.

Alfa: Wakilipa kuliko nyinyi, naanza kesho.

Walicheka wote, ila Saye. Kama ni mama, utampokonyaje mama yako jiwe mkononi? Na kama siye, utaachaje alama ya kidole chake ikae mkononi mwa mwingine?

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja mchuuzi wa kola, akingoja pikipiki yake izibwe pancha ng'ambo ya njia.

Mchuuzi: Samahani, kaka. Mama yako alilitoa wapi hilo jiwe?

Saye akatafuta kumbukumbu: jiwe lilikuwapo siku zote, kama jiko lenyewe. Ila alimkumbuka mama akishuka kilimani, kuni kichwani, na kitu kizito kimefundikwa katika pindo la kitenge.

Ko, ko, kimya.

Alfa akainamisha birika. Likatoa matone mawili, basi.

Alfa: Kahawa imekwisha, jamani.

Saye akainywa yake, imekwisha kupoa.

Saye: Jumamosi nitaweka kokwa kaburini.

Redio: Na jiwe?

Saye: Jiwe atakuja nalo mwenyewe.