Kavata, Masikio ya Gitaa la Kitheka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kupiga ala yoyote ya muziki. Lakini kila aliyekwenda kusikiliza jazi mjini Machakos Jumapili mchana, kati ya mwaka 1997 na mwaka 2006, alisikia kazi yake. Jina lake ni Kavata. Kavata wa Kangundo, mfuma sweta za shule, mke wa mpiga gitaa Kitheka.

Kitheka alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe Lukenya kwa miaka kumi na tisa, akishika mashine ya kutoboa miamba. Alipoacha kazi alilirudia gitaa lake la ujanani. Akajiunga na bendi ya wazee wenzake iliyopiga jazi kwenye bustani ya hoteli moja. Kiongozi wao alikuwa Maundu, mpiga saksafoni. Jazi yao ilikuwa ya taratibu, na gitaa lilitakiwa liwe laini, kama mtu anayezungumza bila haraka.

Gitaa la Kitheka halikuwa laini. Lilichoma masikio. Kila Jumapili aliinamia amplifaya yake ya kukuza sauti, akazungusha juu trebo, kitufe cha sauti nyembamba, akasikiliza, akazungusha tena. Watu wakaanza kusogeza viti mbali.

Maundu akamwendea Kavata kwenye mashine yake ya sweta.

"Mama Mutanu, mimi siwezi kumwambia mzee. Lakini hoteli imelalamika. Mwezi huu ukiisha hivi, itabidi tutafute mwingine."

Kavata hakushangaa. Nyumbani, birika lilipopiga mluzi, Kitheka hakugeuka. Ndege wa alfajiri hakuwasikia tena. Ile mashine ya Lukenya ilimwachia sauti nzito, ikaondoka na zile nyembamba. Ndiyo maana alizidisha trebo. Alikuwa akitafuta kitu ambacho masikio yake hayangekipata.

Kavata alimwambia mumewe mchana uleule. "Baba Mutanu, husikii vizuri."

"Si nakusikia ukiniambia huo upuzi?"

"Mimi unanisikia. Birika hulisikii."

Kitheka alilitundika gitaa ukutani. Siku ya tano alilishusha, akakaa karibu na mkewe. "Basi sikia wewe," akasema.

Wakaenda dukani kwa Abdinur, aliyeuza redio na spika kuukuu mjini. Kitheka alipenda amplifaya moja kubwa, mpya, yenye vitufe vingi. Kavata akamwomba apige wimbo uleule kwenye kila moja. Yeye akavuka barabara, akasimama ng'ambo, akarudi polepole akisikiliza. Akachagua ndogo ya zamani, ile yenye balbu za kioo ndani zinazowaka rangi ya chungwa.

"Hiyo kubwa inapiga kelele hata ikiwa chini," alisema. "Hii sauti yake imeiva."

Abdinur akacheka. "Lakini Mama, hii ya zamani inachelewa kupata moto."

"Hata mzee wangu," akajibu Kavata.

Akaanza kujifunza kuirekebisha. Trebo aliishusha sana. Sauti za kati akazipandisha kidogo, besi, yaani sauti nzito, akaiweka kwa kiasi. Ukubwa wa sauti aliukomesha kabla gitaa halijaanza kukwaruza. Sakafu ya saruji pale bendi ilipopigia ilifanya besi ivume, kwa hiyo akaipandisha amplifaya kwenye kiti cha mbao na kuitenga na ukuta. Kisha alikwenda kukaa meza ya mwisho. Bustani ilipojaa watu na sauti kumezwa, alirudi mbele, akaongeza kidogo sana tu. Watu walidhani ni mke mwenye wivu anayemlinda mumewe.

Na Kitheka? Kwake sauti ile ilikuwa butu. "Kwangu ilikuwa kama gitaa limefunikwa blanketi," ametuambia. "Nilipiga nikiangalia uso wake. Uso ukitulia, nilijua iko sawa." Fikirieni, wasikilizaji. Miaka tisa mtu anapiga kwa sauti ambayo yeye mwenyewe haipati. Anawaona watu wakifumba macho kwa raha, naye anaamini tu.

Kavata alifariki Februari 2006, baada ya kuugua figo kwa muda mfupi. Alizikwa nyumbani, Kangundo. Kitheka aliombwa apige. Alishika kitufe cha amplifaya, akauondoa mkono. Akachukua maikrofoni.

"Watu wangu, miaka tisa nimewaficha. Mimi sauti nyembamba sizisikii. Aliyekuwa ananisikilizia ni huyu tunayemzika. Sasa nisaidieni."

Akagonga uzi mmoja. Kisha sauti ya mama mmoja ikatoka katikati ya hema: "Punguza kidogo, baba."

Akapunguza.

"Kidogo tena," akasema Abdinur, aliyekuwa amesimama nyuma.

"Ongeza besi, mzee," akasema Maundu.

Akaongeza. Binti yake, Mutanu, akainua mkono huku machozi yakimtoka. "Hapo, Baba. Usiguse tena."

Kitheka akapiga wimbo mzima, akiangalia nyuso zao, mmoja baada ya mwingine.

Kwa Mzee Kitheka, kwa Mutanu, kwa wazee wa bendi na jamaa wote wa Kangundo, tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nawe uliye nasi mchana huu, fanya jambo moja. Mgeukie aliye karibu nawe, umuulize: ni kitu gani mimi sikisikii? Kisha nyamaza, umpe nafasi ajibu.