Kocha Aliyekula Urojo

OTHMAN: Haloo? Nani mwenzangu?

MAHFUDHA: Mie Mahfudha, mjomba. Shikamoo.

OTHMAN: Marahaba, mwanangu. Wallahi yote niliyokwambia ni kweli tupu, hata chembe sikuongeza.

MAHFUDHA: Sijauliza kitu bado.

OTHMAN: Aa. Nilidhani… Mbona makelele hivyo?

MAHFUDHA: Tumo kwenye treni, mie na Ziyad. Tunatoka uwanjani, chuoni kwao. Wamefungwa tena.

OTHMAN: Tena! Hii ya ngapi?

MAHFUDHA: Ya kumi. Na mwanangu zote kumi kakaa benchi, kofia lake gumu la mpira wa Kimarekani kalipakata kama kaajiriwa kulilinda.

OTHMAN: Makocha hawa wapya! Wamekuja na wachezaji wao, na wasaidizi wao—

MAHFUDHA: Mjomba.

OTHMAN: —hata mgawa maji wamekuja naye! Na kocha wao mkuu kala kwangu hapa Silver Spring, kaapa—

MAHFUDHA: Alikula nini vile?

OTHMAN: Urojo. Bakuli tatu. Akalamba kijiko, akaweka mkono kifuani: "Mzee Othman, mjukuu wako atacheza kila mechi." Machozi yakamtoka.

MAHFUDHA: Ya pilipili?

OTHMAN: Ya imani.

MAHFUDHA: Basi leo nimemvaa, pale mlangoni wanapotokea. Nikamwambia, ulikula kwa mjomba wangu, ukaahidi. Iko wapi ahadi?

OTHMAN: Mtandao unakata—

MAHFUDHA: Haukati. Kanambia hakujui, wala Silver Spring hajapata kufika. Jina la Ziyad kalitafuta kwenye karatasi.

OTHMAN: Ah, watu wa mambo mengi wale, kasaha—

MAHFUDHA: Mjomba! Kocha wa zamani alitaka kuhama na Ziyad, aende naye Utah, akacheze. Nikakataa mie, kwa mdomo wangu, kwa neno lako wewe. Mwaka mzima wa mtoto!

OTHMAN: Urojo ulipikwa. Hilo kweli.

MAHFUDHA: Akala nani?

OTHMAN: …Mie.

MAHFUDHA: Angekuwa mtu baki ningesema, haya, basi. Wewe ndiye uliyenilea.

OTHMAN: [anakohoa] Ziyad anasikia?

ZIYAD: Nasikia, Babu. Mama ameweka spika.

OTHMAN: Nilitunga. Hakuja mtu.

ZIYAD: Lakini kwa nini?

OTHMAN: Utah mbali.

MAHFUDHA: Sasa sikiliza. Dirisha la kuhama vyuo linafunguliwa Januari. Yule kocha wa zamani alikasirika, simu yangu hapokei. Utampigia wewe, umwambie nani alotuponza.

OTHMAN: Nimwambie yote?

MAHFUDHA: Yote. Bila ya urojo.

OTHMAN: Mahfudha, mtu mzima mie, nikajivue nguo kwa Kiingereza—

MAHFUDHA: Leo hii. Kabla hatujashuka.

OTHMAN: …Nitumie namba.

MAHFUDHA: Nakutumia. Treni inaingia chini ya ardhi, haya, kwaheri—

ZIYAD: Subiri, Mama. Babu, kesho Jumapili. Nije kukuchukua tutembee, kama kawaida?

OTHMAN: Kesho… [mkwaruzo] Hapana. Usije.

ZIYAD: Unasema? Babu? Sikusikii—

OTHMAN: Usije, mjukuu wangu! Kaa na simu yako. Kocha akikupigia, ukubali—