Mama Mfuniko Anapumzika, na Kiti Kimetulia

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mpishi Mkuu wa bwalo la kiwanda chetu anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na tisa. Majina yake kamili yako kwenye kadi ya mwaliko. Jikoni tunamwita Mama Mfuniko, na anaitika.

Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kwenye majiko, mwishowe akakabidhiwa sufuria zote na sisi pamoja nazo. Jina lake alilipata kihalali, maana hakuna kitu kilichokaa wazi mbele ya macho yake. Siku moja alifunika kikombe cha meneja, naye meneja bado anakunywa. Mkali kama pilipili, lakini hakuna mwenzetu aliyefiwa au kuuguliwa akakosa kupelekewa bakuli la uji.

Ukali huo una chanzo chake. Zamani, mchuzi wa mchana uliachwa dirishani hadi zamu ya usiku, ukapashwa juujuu, ukaliwa. Zamu nzima ilitapika, na mlinzi wa lango akafariki. Watu wa maabara walisema ni sumu ya chakula. Mtaani wakasema wamelishwa. Ukisikia haraka utadhani ni kitu kimoja, lakini sivyo. Sumu ya chakula ni vijidudu na uzembe, na anayeugua hana adui wa kumtafuta. Aliyelishwa ametiliwa sumu na mtu aliyemkusudia. Na aliyeshika upawa siku ile alikuwa mmoja tu. Mjane wa mlinzi alilitamka neno hilo msibani, mbele ya watu, na tangu hapo Mama Mfuniko akipita mtaa ule milango ilifungwa. Hakuhama. Alikiri habari ya dirisha kwa yeyote aliyemuuliza, akakataa kwamba alimlisha mtu, akarudi kazini.

Halafu kuna kiti. Marehemu alikuwa na chake pale pembeni, karibu na friji. Wiki chache baada ya maziko tulikikuta kimegeuka, kimeipa meza kisogo. Tulikirudisha huku tukitaniana. Siku hiyo maziwa yote yalikuwa yameharibika. Kilipogeuka tena, ikawa nyama, na utani ukatuishia. Ikawa desturi: kiti kikigeuka, Mama Mfuniko hamuulizi mtu, anamwaga sufuria nzima, nasi tunaanza upya bila kutazamana usoni. Meneja mmoja asiyeamini mambo hayo alikifungia stoo na ufunguo akaondoka nao. Asubuhi tulikikuta mahali pake, na stoo bado imefungwa. Hakuna aliyekifungia tena. Lakini hakuna mtu aliyeugua tena kwa chakula chetu, na hayo ndiyo mafanikio tunayojivunia.

Mwezi uliopita mjane alikuja bwaloni kwa mara ya kwanza. Hakusalimia mtu. Aliketi kwenye kile kiti, akaomba sahani. Mama Mfuniko alimpakulia mwenyewe. Mjane alikula akamaliza, akajifuta mdomo, ndipo akasema.

"Dada, kila usiku marehemu anakuja kuniambia wewe hukumlisha kitu. Miaka yote hii namkatalia. Jana nimemwambia basi, nimekubali, aende akapumzike. Na wewe kapumzike."

Mama Mfuniko alilia kwa sauti mbele yetu wote, na hatukuona haya kulia naye. Kesho yake akaomba kustaafu.

Tangu siku ile kiti hakijageuka hata mara moja. Labda chakula chetu sasa ni kizuri kila siku. Labda hakuna tena wa kutuonya. Kila mchana, kabla ya kupakua, tunakitazama, kisha tunaonja wenyewe kwa woga, mmoja mmoja.

Mama, asante kwa miaka yote uliyotulisha. Nenda salama, ukaishi vizuri na wajukuu, na usiku ulale fofofo. Sisi huku tutakaa macho.