Kwa Nini Arvid Hakupanda Boti

Benchi liko mbele ya duka la mikate, kwenye mtaa unaoteremka hadi Ziwa Superior, na kahawa ya hapo ni chungu kama dawa ya minyoo. Wenyewe wa benchi hilo walikuwa wanne, lakini Jumanne Arvid Lempinen alifariki akiwa na miaka tisini na sita, wakabaki watatu. Asubuhi ya maziko, Lyle Beaudry, ambaye kijiweni wanamwita Stempu kwa kuwa alikuwa tarishi wa posta, hakuweza kutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Saa nane mchana angesimama kanisani kumzungumzia marehemu, na kwenye karatasi yake kulikuwa na mistari miwili tu: alikuwa mwanamaji wakati wa vita vya Korea, kisha mhasibu miaka arobaini na tatu.

— Nisaidieni jambo moja, alisema. Mtu kakaa manowarini miaka minne. Mbona hapa hakupanda hata boti ya kuvulia samaki?

Orrin, kinyozi mstaafu anayetupia methali hata pasipofaa, alisema ni kichefuchefu tu cha baharini.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumbo lilimshinda, bwana.

— Tumbo gani, akadakia Gus, aliyepasua miamba migodini hadi akaitwa Baruti. Meli yao iligonga bomu. Arvid aliogelea siku mbili, kambeba mwenzake mgongoni.

— Nani kakwambia? aliuliza Stempu.

— Ilikuwa inaonekana mabegani.

Orrin hakukubali kuachwa nyuma. Akashusha sauti, akasema Arvid alikuwa jasusi, kazi yake kuhesabu nyambizi za adui, na uhasibu ulikuwa kificho.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana lile koti lake zito hakulivua hata Julai.

Baruti akaongeza kwamba basi lazima kuna mke Japani, meli zao zilikotia nanga, na watoto, na huenda mmoja wao ni jenerali. Stempu alikunja karatasi, akaikunjua. Alitaka kucheka kama siku zote, lakini akairudia ile mistari miwili.

Hapo ndipo mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye gauni jeusi, alipovuka barabara. Alijitambulisha kuwa ni Marlene, binti wa Arvid, amefika jana kutoka Arizona. Wakampisha akae. Akawatazama mmoja mmoja, akawataja bila kukosea.

— Wewe ni Gus. Goti lako limepona? Na wewe Orrin, mkeo alikukubali safari ya tatu ulipomposa. Lyle, wewe ulimzika mwanao mwezi wa Machi, ukaja kukaa hapa siku ileile.

Stempu aliinamisha kichwa. Siku ile alikuwa amezungumza tangu asubuhi mpaka duka likafungwa, na Arvid hakuondoka pembeni yake.

— Baba alikuwa ananipigia kila Jumapili, Marlene akaendelea. Habari zake zote zilikuwa zenu. Nikimuuliza ya kwake, ananirudisha kwenu. Nikadhani ya kwake anayaacha hapa. Sasa niambieni, yeye alikuwa anawaambia nini?

Orrin alitazama kikombe chake. Miaka ishirini na miwili kwenye benchi moja, na Stempu alikuwa na ile mistari miwili tu ya kumwonyesha.

Saa nane, kanisani, Stempu alisimama mbele. Karatasi aliiacha mfukoni.

— Tulitunga mengi kumhusu Arvid, alisema. Ukweli ni kwamba nilikaa naye miaka ishirini na miwili nikisema mimi, na yeye akisikiliza. Sikumuuliza kitu, hata kwa nini hakupanda boti. Nilidhani hana la kusema. Marlene, utusamehe.

Akarudi kwenye kiti. Marlene, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinuka, akaja kukaa katikati yao watatu, akamshika Baruti mkono. Baruti, ambaye hajawahi kukosa nyongeza, safari hii aliuweka tu mkono wake wa pili juu ya ule wa Marlene.