Gordien Itangishaka na Wanaume Ishirini na Watatu wa Baiskeli

Wachungaji wetu, wazee wa Swima na wa Baraka, bamama, bababa, majirani wa Mutambala, na ninyi wanaume wa baiskeli mliokaa pale nyuma karibu na mlango, mimi ni Eugène, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake, tangu alipozaliwa hadi Jumanne ya juma hili, ili kila mmoja aliyekuja kumsindikiza ajue anamsindikiza nani.

Gordien Itangishaka alizaliwa tarehe 19 mwezi wa pili mwaka 1972, huko Minago, nchini Burundi, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mathias Nzohabonayo na marehemu mama Immaculée, na alipokuwa na miezi mitatu tu, kwa sababu ya mauaji ya mwaka ule, wazazi wetu walivuka ziwa naye katika mtumbwi wa watu tusiowajua, wakateremkia Swima, ambako wenyeji Wabembe waliwapa mahali pa kulima muhogo, na hapo ndipo sisi wengine watano tulipozaliwa.

Alianza shule ya msingi Swima mwezi wa tisa 1979, akamaliza 1985 akiwa wa tatu darasani, akaendelea na sekondari Mboko hadi mwaka wa tatu, lakini baba yetu alipofariki tarehe 2 mwezi wa tano 1988, Gordien, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliweka madaftari juu ya kabati, akachukua jembe la baba, na sisi wadogo zake tulisoma kwa sababu yeye aliacha kusoma.

Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili 1994 alifunga ndoa hapo Swima na Rosette Asende, binti wa ukoo wa Kibembe, na hata kama wakati ule kulikuwa na maneno pande zote mbili kuhusu Mrundi na Mbembe, wawili hawa walikaa pamoja miaka ishirini na tisa na miezi saba, wakajaliwa watoto sita, ambao ni Iteka, Wilfried, Dany, Divine na Aubin waliopo hapa mbele yenu, na mtoto mmoja wa kike aliyefariki akiwa na miezi minne katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mahali ambapo familia ilikimbilia kwa sababu ya vita vya 1996 na kukaa hadi mwaka 2007.

Kazi yake ilianzia kambini, kwa kuwa huko alijifunza kutengeneza baiskeli, na aliporudi alikuja na baiskeli moja aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli nne, akahamia hapa Mutambala, akaanza kubeba mizigo ya watu, bidoni za plastiki za mawese na magunia ya ndagala kavu za ziwani kutoka Swima kuja soko la Baraka, na wakati mwingine unga hadi Fizi, mlima wote akiisukuma kwa kifua, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na sita bila kupoteza mzigo wa mtu hata mmoja.

Sasa nafika mwaka 2019, na lazima niseme kwamba juzi, tulipokaa kuandika karatasi hii, baadhi yetu katika familia, na mimi nikiwa mmojawapo, tulitaka turuke mwaka huo, twende moja kwa moja kwenye ugonjwa, kwa heshima ya kanisa na ya watoto, lakini mjane alinitazama akasema, "Shemeji, ukiruka siku ile, tutazika muntu mwingine," basi nausoma kama ulivyokuwa.

Gordien alikuwa na rafiki wa njia, Bonaventure Mlondani, mzaliwa wa Swima, ambaye walibeba mizigo pamoja miaka tisa, mmoja mbele, mwingine nyuma, na Alhamisi tarehe 20 mwezi wa sita 2019, saa mbili ya asubuhi, wakija Baraka, gari moja la jipu lilimgonga Bonaventure kwa nyuma likamtupa kwenye mfereji, akafa palepale, na Gordien alikuwa hatua kama thelathini nyuma yake, aliona yote.

Mnajua wenyewe jinsi barabara ile ilivyokuwa tangu isawazishwe, malori ya kwenda Lulimba, majipu, mafuso, kila moja likija kwa mbio, na mtu wa baiskeli akisikia honi anatakiwa ateremke mferejini na mzigo wake, asipoteremka anatukanwa, na katika miezi kumi na minane kabla ya Bonaventure watu wengine watatu wa baiskeli walikuwa wamekufa kati ya Swima na Baraka.

Dereva wa jipu lile, Guy, aliandikisha maneno yake kwa polisi, na neno lake lilikuwa moja tu, "Sikumuona," na Gordien alipoitwa kama shahidi aliulizwa marehemu alivaa nini, akajibu kwamba alivaa shati jekundu, na nyuma yake alikuwa na bidoni nne za manjano, na jua lilikuwa limekwisha kutoka, akaambiwa asante, aende nyumbani, na kesi ikaishia hapo kama zile tatu zilivyoishia, kwa sababu madereva wale wengine nao walikuwa wamesema vilevile.

Rosette anasema kwamba baada ya hapo mume wake alikaa majuma matatu bila kugusa baiskeli, anakula kidogo, anajibu akiulizwa tu, kisha asubuhi moja alianza kuwazungukia watu wa baiskeli nyumba kwa nyumba, Mutambala, Lusenda, hadi Swima, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale, "Banasema habatuonake, basi tuvue nguo zote, tupite katikati ya njia, tuone kama kuna dereva atasema hakuona."

Wengi walimcheka, wengine waliogopa, na mmoja wao, Eddy, fundi wa matairi ambaye yuko hapa leo, alimuuliza, "Na bibi yangu atasema nini?" naye Gordien akamjibu bila kucheka, "Bibi yako atashika nguo."

Alikuja kwangu pia, dukani kwangu hapa Baraka, tarehe 8 mwezi wa tisa, nami nilimwambia kwamba sisi ni watu tuliopokelewa katika nchi hii, kwamba akifanya hivyo watasema Mrundi amevua nguo, hawatasema Gordien, na kwamba mama yetu bado yuko hai, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia, Eugène, lakini Bonaventure naye alikuwa na mama," akaondoka.

Jumamosi tarehe 14 mwezi wa tisa 2019, saa tatu ya asubuhi, ng'ambo ya daraja la Mutambala, wanaume ishirini na watatu walivua nguo zao, wakawapa Rosette na bamama wengine wawili, ambao walizikunja na kuzitia katika magunia ya unga, kila nguo na jina la mwenyewe, kisha wakapanda baiskeli wakiwa uchi, isipokuwa wawili waliobaki na kaleso, nguo ya ndani, wakavuka daraja wawili wawili, katikati ya barabara, polepole, bila wimbo, bila bango, Gordien akiwa mbele upande wa kushoto, na upande wa kulia kwake hapakuwa na mtu, palikuwa na nafasi ya Bonaventure.

Magari yalijipanga nyuma yao, mafuso matatu, majipu manne na gari moja la samaki, yakapiga honi hadi yakachoka kupiga, na hakuna baiskeli iliyoteremka mferejini, na walipofika sokoni kuna waliocheka, kuna waliopiga picha kwa simu, bamama wengi waligeuka na kufunika nyuso kwa vitenge, na mama mmoja mzee, muuza mboga, alipiga magoti kando ya njia akilia, "Inatosha, batoto bangu, muvae, tumeona!"

Walifika mbele ya bureau, ofisi ya mji, wakateremka, wakasimama kila mmoja na baiskeli yake, na Gordien akataja majina manne ya waliokufa, na tarehe zao, hakuongeza neno lingine, kisha wakakamatwa wote, wakazuiliwa hadi Jumatatu, na Rosette alifika siku ileile na magunia ya nguo kabla jua halijafika kichwani.

Siku ile ilimgharimu, na sitaficha gharama yake, kwa kuwa kanisa lilimwondoa katika ushemasi na kumweka nje ya Meza ya Bwana kwa miezi sita, muda ambao alikuja kila Jumapili kabla ya wengine na kukaa benchi la mwisho, na picha zilifika hadi Uvira, kwa familia ya kijana aliyekuwa amemchumbia Iteka, wakatuma ujumbe kwamba hawawezi kuoa katika nyumba ambayo baba anatembea uchi, na uchumba ukavunjika, na Iteka hakumsema baba yake vibaya hata siku moja, lakini Noeli ya mwaka ule hakuja nyumbani, na baba yake alimwekea sahani mezani.

Jumapili tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2019, Guy, yule dereva, alikuja kwa miguu hadi nyumbani kwa Gordien, akamkuta anakaza minyororo, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, na Rosette akiwa anasikia, "Nilimuona, niliona shati, niliona na bidoni, niliwaza atatoka mu njia, benye baiskeli banatokaka," na Gordien alinawa mikono, akaenda naye siku ileile Swima kwa mjane wa Bonaventure, na huko Guy aliyarudia maneno hayo mbele ya ukoo, na siku iliyofuata aliyarudia mbele ya polisi wenye kuandika, na wengi wetu hapa tunajua hukumu aliyopewa, na kwamba alipotoka gerezani alikuwa wa kwanza kutuma salamu Gordien alipougua.

Mwezi wa tatu 2020 yaliwekwa matuta mawili, yale watu wanayaita dodane, moja kabla ya daraja na moja karibu na soko, na chama cha madereva kilikubali kupita sehemu hizo kwa mwendo wa mtu anayetembea, jambo ambalo linafuatwa siku nyingine na siku nyingine halifuatwi, na mtu mwingine wa baiskeli alikufa mwezi wa nne 2021, na Gordien alipoita tena watu, Jumamosi tarehe 17 ya mwezi huo, walikuja wanane, mvua ikanyesha, watatu wakakataa kuvua, akawaambia warudi nyumbani, naye akarudi, na hakuita tena.

Mimi nilikaa bila kusema naye mwaka mmoja na miezi minne, nikimwona sokoni napita upande wa pili, hadi mama yetu alipofariki Swima tarehe 11 mwezi wa kwanza 2021, na kwa kuwa sisi wawili ndio wakubwa tulipangwa kubeba jeneza mbele, yeye kulia, mimi kushoto, na neno la kwanza aliloniambia baada ya muda ule wote lilikuwa, "Shika vizuri upande wako," nikashika.

Mwaka 2022 Iteka aliolewa Fizi, na baba yake alimpeleka mwenyewe, amevaa suti ya kuazima, na kwa watoto wake wote tunao sasa wajukuu wanne.

Ugonjwa ulianza mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2024, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akaacha kwanza mlima wa Fizi, kisha Swima, kisha baiskeli yenyewe, na tarehe 27 mwezi wa tano aliingizwa hospitali ya hapa Baraka, ambako waganga walisema moyo wake umekuwa mkubwa na umechoka, wakamtibu, akapata nafuu, akarudi nyumbani, lakini tarehe 22 mwezi wa saba hali ilibadilika, tukamrudisha.

Katika siku zake za mwisho nilikuwa namnyoa ndevu, na Jumapili iliyopita aliniuliza, "Siku ile, we ulikuwa wapi?" nami, ambaye nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nilikuwa safarini Kilembwe, nilimwambia kweli, kwamba nilikuwa nyuma ya mlango wa duka langu, nimeufunga, natazama kwenye ufa, akauliza, "Ulituhesabu?" nikasema niliwahesabu, ishirini na watatu, akacheka hadi kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja kunikemea.

Gordien Itangishaka alitutoka Jumanne tarehe 6 mwezi wa nane 2024, saa nne ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mutambala waliopika na kulala nasi, wazee wa Swima waliompokea akiwa mtoto wa mgongoni na ambao wamekuja tena leo, kanisa lililomrudishia ushemasi wake mwaka 2022, wenzake wa baiskeli, na madereva saba waliojitolea magari ya kupeleka watu makaburini, ambao tunawashukuru kwa moyo, lakini mjane anaomba magari yabaki hapa uwanjani, twende sote kwa miguu, katikati ya barabara, na wazee wasioweza kutembea haraka ndio watakaokuwa mbele, sisi wengine tutafuata mwendo wao.

Kaka yangu Gordien, pumzika, na amani ya Mungu ikukalie.